Naandika, naongoza, nacheza: je, ni tamaa?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 24, ni wakala wa kutuma pesa karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Nimeandika skripti ya filamu fupi ya mama muuza samaki wa kukaanga. Nataka niiongoze mwenyewe na huyo mama nimcheze mimi. Wenzangu wananicheka, eti nina tamaa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tamaa hiyo hata mimi ninayo, na bado napumua.

Sylvester Stallone alipoandika Rocky, watayarishaji waliitaka skripti ila walitaka acheze mtu mwenye jina. Akagoma, akacheza mwenyewe. Hapo ndipo watu hupenda kuishia. Kiti cha mwongozaji je? Alikiacha. Filamu ile ya 1976 iliongozwa na John Avildsen, na Oscar ya uongozaji ikaenda kwake. Stallone akaja kuongoza ya pili, 1979. Spike Lee naye, kwenye She's Gotta Have It ya 1986, aliandika, akaongoza na akacheza, lakini alijipa nafasi ya mmoja wa wanaume watatu wanaomgombea Nola. Nola mwenyewe, aliyeibeba filamu, alichezwa na mtu mwingine.

Mimi nilijiona mjanja kuliko wote. Filamu yangu ya kwanza, tuliyoipigia Bagamoyo, nilijipa mhusika mkuu. Nikalia vizuri, nikasema "kata" mwenyewe, tukahama. Kufika kwenye kuhariri: picha ya mbali nina kilemba cha kijani, ya karibu kichwa wazi. Kuna walioliona kosa siku ileile wakanyamaza. Nani amkosoe bosi anayelia? Hela ya kurudi haikuwepo, sini ile, kipande kile cha kulia, ikatupwa. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Huyo mama wako muuza samaki yumo kila ukurasa, sivyo? Basi mpe mwingine, wewe jipe yule mteja anayebishania bei. Ukishindwa kabisa kumwachia, tafuta mtu jasiri akae nyuma ya kamera, na utangaze mbele ya wote kwamba akisema "rudia", unarudia. Awepo na mtu wa mwendelezo tu, apige picha nguo, nywele na karai kila mnapokata. Karai hasa! Samaki watatu wakigeuka watano bila mtu kukaanga, Morogoro nzima itacheka. Nunua wengi, maana kila mkirudia mnahitaji wabichi.

Hao wanaokucheka, hakuna hata mmoja mwenye simu inayopiga picha vizuri? Mpe kazi ya karai.