Re: WhatsApp watu 55 iizidije bei kiwanda?

Mambo mkuu, umeuliza inakuwaje WhatsApp ya 2014 yenye wafanyakazi 55 tu Facebook wainunue kwa dola bilioni 19, wakati kiwanda cha saruji hapa Mtwara unakiona kwa macho, mitambo, malori, kila kitu. Mimi siyo mtu wa soko la hisa, ila nimebangua korosho huku Masasi miaka mitatu.

Usianze na majengo. Anza kuuliza mteja mmoja zaidi anagharimu sh ngapi. Kwangu oda ikiongezeka mara mbili basi na magunia mara mbili, na kina mama wa kubangua mara mbili, vidole vimepakwa jivu sababu mafuta ya ganda yanaunguza kinoma, na ili upate kilo moja ya korosho iliyobanguliwa unakula kilo nne na ushei za korosho ghafi. Saruji hivyo hivyo, kila mfuko unataka mawe ya chokaa, moto na lori. WhatsApp ilikuwa na watumiaji kama milioni 450, ukigawa ni dola 42 hivi kwa kichwa, na anayejiunga kesho haongezi gharama ya maana.

Ila hiyo ni bei ya matumaini bana. Amazon, lile duka la mtandaoni, mwisho wa 1999 hisa ilipita dola 100, 2001 ikashuka chini ya 6! Kwa hiyo kiwanda pima kwa faida ya sasa, kampuni ya intaneti angalia mapato yanakua kasi gani na hela waliyonayo itawafikisha wapi kabla ya faida kuanza.