Kabla hujainua mkono Jumamosi: nani mwingine analitaka hilo gari?

Kijana wa Mamboleo, usitume hiyo amana ya kushiriki mnada. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye foleni ya benki, nikatoka kwenye foleni ili nikujibu.

Kwa waliochelewa: ndugu yetu ameona Subaru Impreza kwenye tangazo la mnada wa Jumamosi hapa Nakuru. Ana milioni 1.4. Anauliza mambo matatu: litafika bei gani, bima ya gari la zamani inakatwaje, na kama alipige rangi upya kabla ya kuliuza "kwa faida". Ameandika faida kana kwamba imeshaingia M-Pesa. Ushahidi wake ni ile Toyota Supra ya sinema ya The Fast and the Furious iliyouzwa dola 550,000 Marekani mwaka 2021, pamoja na mtu aliyemwambia kwamba hiyo Subaru "ni kama 22B".

Mdogo wangu, 22B ni ile Impreza adimu ya 1998, ina milango miwili, na kwa soko la Japani zilitengenezwa 400 tu. Ya kwenye picha yako ina milango minne na kiti cha mtoto nyuma. Tuendelee.

Nawe una 550,000 zako, mimi nilikuwa na 310,000 zangu. Hazikuwa mfukoni, zilikuwa kichwani. Januari 2020, Datsun 240Z ya 1971 iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni kule Marekani kwa dola 310,000, zaidi ya milioni 30 za kwetu. Mwaka uliofuata Safari Rally ikarudi kwenye mashindano ya dunia, Naivasha ikawa vumbi tupu, kila mtu ghafla ni mtaalamu wa magari, na 240Z moja ikatokea kwenye mnada Kisumu. Jamaa mmoja wa kundi letu la WhatsApp, anayejiita mshauri wa magari ya kale (yeye mwenyewe anaendesha Probox, ile Toyota ya kubebea mizigo), akanitumia picha ya bei ile na maneno manne: "Hii ni shamba, mzee." Nina watoto watatu na mvi, lakini nikamwamini mtu wa Probox.

Alichoacha kuniambia ni kwamba ile ya Marekani ilikuwa imetembea maili 21,000 na kidogo tu maisha yake yote, na karibu kila kitu ndani yake ni kile ilichotoka nacho kiwandani. Ya Kisumu ilikuwa imezaliwa mara tatu.

Siku ya kukagua, boneti ilikataa kufunguka. Waya umekatika, akasema kijana wa yadi, ila injini iko sawa kabisa. Fundi sikuenda naye. Nilitaka kuokoa 3,000 za kumlipa. Msinicheke bado, kuna zaidi.

Dalali alipanda juu ya kreti ya soda akaanza mahubiri. 240Z ilishinda Safari mwaka 1971. Ikashinda tena 1973, Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Yote mawili ni kweli tupu. Halafu akalipiga boneti kofi, kwa namna ambayo usingejua kama anazungumzia aina ya gari au gari lile pale. Karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba lile liliwahi kukanyaga Safari haikuwepo. Stika za mbavuni zilikuwa za kituo cha mafuta. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Bei ilianzia 400,000, mikono saba au minane juu. Kwenye 700,000 tukabaki watatu. Kwenye 900,000 tukabaki wawili, mimi na mzee mmoja wa kofia ya kaki, ametulia kama anasubiri chai. Mwisho wangu nilikuwa nimeupanga uwe milioni 1. Nikamtazama yule mzee nikajiambia, huyu si mtu wa kutupa pesa, lazima kuna kitu ameona. Milioni 1.2: anaijua historia ya chasi hii. Milioni 1.5: ana mnunuzi Uingereza. Alipoinua kidole kwenye milioni 1.8, nikapaza sauti, "Milioni moja, mia nane na hamsini!" Nyundo ikashuka.

Robo ililipwa papo hapo na salio ndani ya siku saba, gari likichukuliwa lilivyo na mahali lilipo. Salio lilitoka sako.

Mzee akanifuata chini ya mwembe kunipa mkono. "Kijana, uliona nini kwenye gari lile?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa namfuata yeye.

Akavua kofia. "Mimi nilikuwa nakufuata wewe. Nilidhani umetumwa na watu wa Nairobi."

Tukanyamaza. Kisha akacheka mpaka akashika mti. Yeye alikuwa na haki ya kucheka. Logibuku ilikuwa inakuja kwangu.

Hapo ndipo ningependa usome polepole. Bila yule mzee, ningelichukua kwa 900,000 na kidogo. Bila mimi, angelichukua yeye kwa hizo hizo. Karibu milioni nzima ilitoka kwenye vichwa vya watu wawili, kila mmoja akidhani mwenzake anajua. Bei ya mnada haipangwi na gari, wala na anayeshinda. Inapangwa na yule anayeshindwa, na siku utakayouza wewe, hayupo.

Usidhani ni ushamba wetu wa huku. Agosti 2019 kule Monterey, Marekani, waliuza, au tuseme walijaribu kuuza, Porsche Type 64 ya 1939. Kwenye skrini bei ikaanzia dola milioni 30, ikaruka 40, 50, 60, mpaka 70, ukumbi unashangilia. Kumbe dalali alikuwa anataja 13, 14, 15, 16, 17, na matamshi ya Kiingereza yakachanganya mambo. Wakasahihisha, watu wakazomea, na gari likarudi kwa mwenyewe bila kuuzwa. Kwa Kiswahili wangepona, maana kumi na saba haifanani na sabini hata ukiwa na homa. Na Novemba 2023 Ferrari 250 GTO moja ilifika dola milioni 51.7 New York. Ni bei ya kutisha, ila waliolipeleka pale walikuwa wakitarajia zaidi ya 60. Hao ndio mabingwa wa kazi hiyo. Wewe una tangazo la Facebook.

Nikalileta Nakuru juu ya lori kupitia Kericho. Fundi akafungua boneti kwa bisibisi, akainama, akanyamaza muda mrefu kuliko ninavyopenda fundi anyamaze.

"Mkubwa, hebu hesabu plagi."

240Z hutoka kiwandani na injini ya L24, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Nilihesabu nne. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili. Ilikuwa injini ya pikapu.

Lori, fundi, spea na kuhifadhi vilinila shilingi 310,000. Kwa hiyo zile 310,000 za mshauri nilizipata kweli, ila zilikuwa za kwetu na zilikuwa zinatoka. Niliporudisha gari mnadani, hapa hapa Nakuru, ilikuwa Aprili, mvua ya mawe, watu kumi na mmoja ukihesabu na askari wa geti. Hakukuwa na kofia ya kaki. Likaenda kwa 620,000.

Sasa kabla ya Jumamosi fanya hili. Tafuta watu wawili ambao, ukiamka nalo Jumapili, watalinunua kwako kwa pesa taslimu. Nasema wa kununua, wa kusifu wako wengi humu. Kila mmoja akutajie atatoa ngapi. Chukua ile ndogo, na ukiifikia mkono wako ushuke, hata kama mbele yako amekaa profesa wa magari. Dalali usimhesabu, yeye anakula kamisheni. Mtu wa Probox usimhesabu. Ukikosa wawili, basi unanunua kwa mapenzi. Nunua, ila futa lile neno faida.

Najua kuna atakayeniambia kwamba sheria inazuia kuingiza magari yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo ya zamani yaliyoko nchini ni adimu. Ni adimu kweli. Na wanunuzi wake je?

Bima na rangi watakujibu wenzangu.

Na mwenye ile Z, kama uko humu: ufunguo wako wa pili bado uko kwenye droo yangu. Njoo uuchukue. Lakini kama umeshaiuza, usiniambie kwa pesa ngapi.