Maswali ya Wasomaji: Mjusi kazama mchangani, kaenda wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi mzaliwa wa Unguja ila naishi Muscat. Juzi tulikwenda na familia kule kwenye matuta ya mchanga ya Sharqiya, mwanangu akaona mjusi anang'aa, kumkaribia tu huyooo kazama mchangani na shimo hamna. Tukachimba pale weee, patupu. Anapita vipi ndani ya mchanga na huko chini anapumua nini? Na mbona pale pale kuna wengine wanakimbia tu juu? Mtoto anasema tukirudi anamkamata amfuge.

JIBU: Dada yangu njema kabisa, na mwanao mpe hongera zake, jicho analo. Kwa ulivyomuelezea, kung'aa na kuzama bila shimo, huyo bila shaka ni yule wanaemuita samaki wa mchanga, jamii ya Scincus, ukoo mmoja na mijusi islamu wetu wenye magamba laini.

Zamani watu walibishana kama anapiga miguu huko chini au vipi, mpaka mwaka 2009 watafiti wa chuo cha Georgia Tech kule Marekani wakampiga eksirei akiwa ndani ya mchanga. Wakakuta akishazama tu miguu anaibana mbavuni, haina kazi tena, anakwenda kwa kuupinda mwili kushoto kulia, wimbi linaanzia kichwani linashuka mpaka mkiani, yaani kama mkunga baharini, na spidi yake inafika kama sentimita 10 kwa sekunde. Kwahiyo nyie mnapiga magoti kuchimba pale alipozamia, mwenyewe keshahama. Ukimtazama kwa karibu utaona pua imechongoka kama kabari na taya la chini limeingia ndani ya la juu ili mchanga usimjae mdomoni.

Kuhusu kupumua, mchanga mkavu ule una hewa katikati ya punje na hiyo ndo anayovuta. Njia ya hewa ndani ya pua yake ina sehemu inayopanuka, hewa ikifika hapo inapunguza mwendo, punje zinaanguka zinanasa kwenye kamasi, halafu anazitoa kwa kupumua nje kwa nguvu, kama anapiga chafya. Mimi hili linanistaajabisha kuliko hata kule kuogelea kwenyewe.

Sasa hao wengine. Kama walikuwa na kichwa kifupi cha duara na mkia wanaukunja juu hao ni Phrynocephalus, makazi yao mara nyingi ni mchanga ulioshikana kidogo au tambarare kati ya tuta na tuta. Hao hawaogelei, wakitaka kujificha wanatikisika ubavu kwa ubavu pale pale mpaka wanafunikwa, na jua likiwa kali wananyanyuka juu ya miguu tumbo lisiguse chini. Kule jangwa la Namib kuna mwingine, Meroles anchietae, mchanga ukipata moto ananyanyua mguu wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili kwa pamoja, anabadilisha, anabadilisha, akishindwa anapiga mbizi maana sentimita chache tu chini kuna nafuu kubwa.

Yaani ni ardhi ndo inayoamua mwendo, dada. Huyo wako ukimpeleka kwenye changarawe hana ujanja, anahitaji mchanga mlaini unaomiminika. Kule California kuna mjusi jina lake la kisayansi ni Uma, vidole vyake vina magamba marefu pembeni kama kingo za chanuo, mtafiti mmoja miaka ya 1980 aliyaondoa na mjusi akapoteza spidi akiwa kwenye mchanga. Uma wa bonde la Coachella serikali ya Marekani ilimuweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1980, na shida kubwa ilikuwa watu wamejenga nyumba na kupanda miti ya kukinga upepo, mchanga mpya hauji, ule mlaini uliobaki unapeperushwa, pale chini zinabaki punje nzito tu ambazo hawezi kuzamia. Kwahiyo mjusi hajaguswa na mtu lakini makazi hana tena.

Ndo maana kufuga nakuomba msifuge. Beseni la mchanga sebuleni halimtoshi, anahitaji kina, anahitaji joto la juu na ubaridi wa chini achague mwenyewe, na chini ya mchanga ndo anasikia mtikisiko wa wadudu anaowala.

Mkirudi nendeni alfajiri kabla upepo haujafuta nyayo, mtoto afuate alama mpaka zinapokatika ghafla, hapo ndo kazamia. Asitie mkono tu, maana kwenye mchanga huo huo kuna nyoka, kipiribao mwenye pembe nae anajifukia hivyo hivyo na sumu yake si ya mchezo. Mkae mbali kidogo mtulie, msubiri atoe pua.