Panya kahamia kwako? Usikimbilie sumu

Kuna dada kaniandikia meseji usiku, kaona kipanya kinakatiza jikoni, sasa anauliza sumu gani ni kali. Shusha pumzi kwanza dada yangu. Mimi na panya wangu tunaishi vizuri tu.

Wangu nilimjua kwa mavi, vipunje vyeusi vimechongoka ncha, vimejipanga nyuma ya jiko. Halafu usiku krrr krrr kabatini, nawasha taa namkuta juu ya mfuko wa mchele, hata hakukimbia, sharubu zinatetemeka huku ananikodolea kana kwamba mgeni ni mimi. Nikashindwa kumpiga bwana.

Rafiki yangu mmoja alikuja akamuona, akacheka, eti usijali ni kawaida. Kumbe mwenzangu anang'ata na kupuliza, wiki haijaisha kila mtu anajua nyumba yangu ina panya. Bado inaniuma. Na aliyesema hajawahi kusogeza hata friji lake aangalie nyuma.

Sasa sumu mimi sitaki kabisa, panya akila hafii hapo hapo, anaenda kufia uvunguni mwa kabati au ndani ya ukuta na harufu mtaibeba nyie, bado hujafikiria mtoto au paka akiipata. Funga chakula. Namaanisha bati au chupa yenye mfuniko, nailoni anatoboa maana meno yake ya mbele yanaota maisha yake yote, lazima atafune kitu. Tundu la milimita 6 tu anapita, kwa hiyo kabati la chakula zibeni kwa ule waya wa kusugulia sufuria. Na mavi jamani msifagie makavu, vumbi lake lina magonjwa, lowesheni kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu, vaa glavu, ndo ufute. Nasema tena, fungeni chakula!

Watu tumezidi, kila kidogo kuliko sisi tunawaza kuua tu. Kuvumilia ni moyo.

Ila mavi yakizidi ghafla ujue si mmoja tena, mimba yake ni kama wiki tatu tu na anazaa watano, sita, hata nane. Hapo hata mimi natega. Mtego ubane ukutani maana katikati ya chumba hapendi kupita, na jibini achaneni nayo, hiyo ya kwenye katuni, paka siagi ya karanga kiduchu tu.