Mama anapandisha jini, daktari kaandika skizofrenia

SWALI: Mama yangu, miaka 58, alihamia kwangu Leicester, Uingereza, kutoka Mombasa. Tangu kaka yake afariki kule Mombasa, mama akiwa huku na asimzike, hupandisha jini: sauti inabadilika, anaongea Kiarabu, kisha analala. Hapa wamempa dawa za skizofrenia, ugonjwa wa akili. Nizikatize?

JIBU: Usizikatize ghafla, dada. Omba miadi ili ugonjwa wenyewe uangaliwe upya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unaotumika tangu 2022, una kifungu 6B63 kuhusu mtu kutawaliwa na nafsi nyingine. Huhesabiwa ugonjwa pale tu hali hiyo inapomjia bila kutaka, nje ya dini na mila za kwao, na kumtesa.

Kinachoamua sana ni hali yake jini akishashuka. Akirudi kupika, kusali na kupokea simu kama kawaida, hiyo haifanani na skizofrenia, ambayo dalili zake hukaa mwezi au zaidi. Na ile sauti, inatoka kinywani mwake, au anaisikia masikioni akiwa peke yake? Mkalimani akisema tu "anasikia sauti", daktari atafuata njia ya skizofrenia. Usikalimani wewe, omba mkalimani wa Kiswahili, NHS (huduma ya afya ya umma) haitozi.

Mrekodi kwa simu jini akipanda, saa ikionekana, daktari aone kama si kifafa. Kifafa cha kutetemeka kwa kawaida huisha ndani ya dakika 3, macho yakiwa wazi, pengine kauma ulimi pembeni au kajikojolea. Kikizidi dakika 5, piga 999. Aombewe pia vipimo vya sukari, tezi ya shingo na mkojo.

Msiba utajeni wazi. Mama hakumzika kaka yake wala hakukaa matanga. Ikithibitika si skizofrenia, tiba ya mazungumzo inayogusa huzuni hiyo ndiyo ya kuombwa, kwani vidonge vya skizofrenia havimshushi jini wa namna hii. Vinaweza tu kumlaza na kumkakamaza viungo.

Kisomo cha shehe na kombe la zafarani (aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa) kwa kawaida haviharibu dawa. Miti ya kunywa msimpe mpaka mfamasia ajue ni mti gani. Kinachotutia hofu hasa ni chetezo: makaa ndani ya fleti iliyofungwa madirisha kwa baridi hutoa kaboni monoksidi, haina harufu na huua. Kichwa kikianza kumuuma na kizunguzungu kumshika, mtadhani anapanda na kuongeza ubani. Fukizeni kwa chetezo cha umeme, dirisha wazi.