Maswali ya Wasomaji: Kusafiri na Kuishi Katika Kisiwa cha Barra

Swali: Ndugu Mhariri, mpwa wangu anayefanya kazi Glasgow amenialika twende pamoja kisiwa cha Barra mwezi wa Agosti. Ananiambia kwamba ndege hutua ufukweni, juu ya mchanga mtupu. Je, ananitania? Na kama ni kweli, hakuna njia nyingine ya kufika? – Msomaji, Buruburu

Jibu: Mpwa wako hakutanii, mama. Barra ni kisiwa kidogo kilichoko kusini mwa safu ya Outer Hebrides, magharibi mwa Uskoti, na uwanja wake wa ndege ni ufuko mpana uitwao Tràigh Mhòr. Njia tatu za kurukia zimewekewa alama za nguzo za mbao, na bahari inapojaa zote tatu hufunikwa na maji, kwa hiyo ratiba ya ndege hufuata maji kupwa na kujaa, nayo hubadilika siku hadi siku. Aliyelelewa Lamu au Vanga, anayejua bamvua na maji mafu, ataielewa ratiba hiyo upesi kuliko sisi tuliozoea Jomo Kenyatta. Ndege yenyewe ni Twin Otter ndogo ya injini mbili, ambayo abiria wake hawafiki ishirini, na safari kutoka Glasgow huchukua saa moja na dakika chache. Usiku ndege za ratiba hazitui. Wenyeji huchimba kombe kwenye ufuko huo huo, na tangazo lililowekwa hapo huwaonya watu kwamba mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ukiwa umepandishwa mlingotini, uwanja unatumika na hakuna ruhusa ya kukanyaga mchanga.

Njia ya pili ni feri kubwa kutoka mji wa Oban, ulioko pwani ya bara la Uskoti, hadi Castlebay, bandari ya Barra, safari inayokaribia saa tano, ambayo sehemu yake kubwa ni bahari ya wazi. Mwenye tumbo jepesi na ajiandae. Iko pia feri ndogo inayovuka kwa takriban dakika arobaini kutoka kisiwa cha jirani cha Eriskay, ambacho tangu mwaka 2001 kimeunganishwa na kisiwa cha South Uist kwa barabara ya tuta. Upepo ukichafuka, feri huahirishwa, na ukungu ukishuka, ndege hairuki, hata kama ni Agosti. Kwa hiyo nakusihi usikate tiketi ya kurudi Nairobi kwa siku inayofuata ile ya kuondoka kisiwani. Acha nafasi ya siku mbili au tatu katikati. Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza ya Uingereza, nayo inatosha kwa Uskoti yote.

Swali: Mimi ni mwalimu. Wazee wangu ni wa Pate, lakini watoto wangu waliozaliwa hapa Nairobi hawaijui lahaja yetu. Nasikia watu wa visiwa hivyo vya Uskoti wamefaulu kuihifadhi lugha yao. Wamefanyaje? – Mwalimu, Umoja

Jibu: Mwalimu, kufaulu ni neno kubwa. Ni kweli kwamba vibao vya barabarani huandikwa Kigaeli, lugha ya asili ya visiwa hivyo, kwamba zipo shule zinazofundisha kwa lugha hiyo, kwamba Bunge la Uskoti liliipitishia sheria mwaka 2005, na kwamba kituo cha televisheni cha BBC Alba kilianza kurusha matangazo kwa Kigaeli mwaka 2008. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika visiwa hivyo kwa jumla wanaosema Kigaeli wamekuwa chini ya nusu ya wakazi. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 haikuipa lugha hiyo nafasi yoyote darasani, na katika baadhi ya shule mtoto aliyesikika akiisema alivishwa kijiti shingoni. Nadhani wasomaji wengi wa rika langu wanakumbuka kibao chao wenyewe cha shingoni, nasi tulivishwa na walimu waliosema lugha ile ile tuliyokatazwa.

Kwa maoni yangu, vibao vya barabarani na televisheni havitoshi pale ambapo mama na mwana hawazungumzi kwa lugha yao jikoni. Anayetaka kuisikia Barra asiende kuitafuta kwenye ngome ya kale ya Kisimul wanayoizuru watalii, bali aende kwenye misa, kwa kuwa wenyeji wengi ni Wakatoliki na misa ya Kigaeli ingalipo, au asimame kwenye foleni ya dukani bila haraka. Lakini wenyeji wana adabu ambayo imeidhuru lugha: mgeni mmoja akiingia, chumba kizima hugeukia Kiingereza. Wasalimu kwa Kigaeli wewe kwanza.

Swali: Watu wa huko huishi kwa kazi gani, na ardhi ni ya nani? – Msomaji, Eastleigh

Jibu: Wengi huchanganya kazi: uvuvi, kondoo na ng'ombe, wageni wa kiangazi, na ajira za serikali ya mtaa. Familia nyingi zina mashamba madogo ya kupanga, ambayo tangu sheria ya mwaka 1886 mpangaji hawezi kufukuzwa ovyo na anaweza kumrithisha mwanawe. Haki hiyo haikufika kwa wote mara moja. Mwaka 1908 wanaume kumi waliokuwa wameivamia ardhi ya Vatersay, kisiwa kilichoko karibu kabisa na Barra, na kujenga vibanda huko bila idhini ya mwenye ardhi, walifungwa jela mjini Edinburgh. Ghadhabu ya umma ilikuwa kubwa, na mwaka uliofuata serikali ikakinunua kisiwa hicho na kukigawa kuwa mashamba. Mifugo ya Vatersay iliendelea kuvushwa kwa kuogelea hadi miaka ya themanini. Mwaka 1986 fahali mmoja wa thamani alizama akivuka mlangobahari, kisa kilichotia nguvu madai ya kujengewa barabara ya tuta, ambayo ilikamilika mwaka 1991.