Stempu za michoro ya makanisani: kuzibandua na kuzitunza ukiwa Kigoma

Unayetaka kukusanya stempu za michoro ya kidini na urithi wa kale, usikimbilie kununua pakiti mtandaoni. Anza na bahasha kuukuu. Wamisionari wa Afrika (shirika la Kikatoliki la White Fathers) walifika Ujiji mwaka 1879, na parokia za Kigoma na Tabora zimepokea barua za Ulaya kwa miongo mingi. Ukienda kuomba, sema mapema wasikubandulie stempu. Wakupe bahasha nzima. Yenye muhuri wa posta unaosomeka vizuri ibaki hivyo hivyo. Na ukiona stempu ya Kongo yenye maandishi ya ziada yaliyochapwa juu yake kuhusu utawala wa Kibelgiji wa 1916, usiiguse kwa maji kabisa. Mpelekee anayezijua, kwa sababu maandishi hayo yameghushiwa sana.

Stempu ambazo kubaki kwenye bahasha hakuziongezei thamani ndizo za kulowesha. Kata karatasi kuizunguka stempu, ukiacha kama sentimita 1 kila upande ili mkasi usije ukala meno ya kingo za stempu. Zenye karatasi ya rangi, hasa nyekundu na kijani, na zenye muhuri wa wino wa zambarau, zitenge: wino ukichuja kwenye bakuli, stempu zote zitatoka na madoa. Zilizobaki ziweke kwenye maji ya kawaida, si ya moto, uso ukiangalia juu, kwa dakika 15 hadi 30. Stempu iteleze yenyewe. Ukilazimika kuivuta, haijawa tayari. Isuuze kwenye maji mengine kuondoa mabaki ya gundi, maana hayo ndiyo hunatisha stempu kwenye albamu baadaye. Ianike uso chini juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi (gazeti litaacha wino), kisha ikikaribia kukauka ibane katikati ya karatasi safi chini ya vitabu vizito hadi kesho yake.

Michoro ya watakatifu ina taabu yake: dhahabu ya taji za nuru. Kwenye stempu nyingi ni wino wa unga wa metali, na ikilowa huchubuka kwa kidole tu. Tumia kibano cha ncha bapa, ushike pembeni. Za kubandika bila kulamba usiziloweshe kabisa, nyingi gundi yake haiyeyuki kwenye maji. Zipunguze karatasi tu, uache milimita 5.

Masika ya huku ziwani ndiyo kipimo. Unyevu huleta ukungu wa madoa ya kahawia, na stempu mpya zenye gundi hujibandika kwenye ukurasa. Albamu zisimamishwe kama vitabu rafuni, zisilazwe kwa mrundo, wala zisiegemee ukuta wa nje. Vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinafaa, ila vikishashiba havifanyi kazi tena. Mchele usiweke, utaalika wadudu. Mifuko laini ya plastiki ya PVC nayo huharibu rangi, na selotepu ni hukumu ya kifo.

Stempu mpya iliyokwisha kunata kwenye karatasi isivutwe. Weka sponji yenye unyevu ndani ya kontena la plastiki, juu yake kichujio cha kuilaza stempu ili isiguse maji, funika, na uchungulie kila baada ya saa moja hadi iachie.

Halafu andika kwenye ukurasa wa albamu kile ambacho stempu inaonyesha, la sivyo unabaki na picha ndogo nzuri tu. Chukua seti ya Poland ya 1971: inaonyesha michoro ya ukutani ya kanisa kuu la Faras, Nubia (kaskazini mwa Sudan), iliyookolewa na kikosi cha mwanaakiolojia wa Poland, Kazimierz Michałowski, kati ya 1961 na 1964 kabla maji ya bwawa la Aswan la Misri hayajafunika eneo. Sehemu ilipelekwa Warsaw, sehemu Khartoum. Wengi huiita fresko, lakini ilichorwa kwenye plasta iliyokwisha kukauka. Fresko hasa hupakwa rangi plasta ikiwa mbichi. Romania ina stempu za michoro ya monasteri ya Voroneț, Bulgaria za michoro ya kanisa la Boyana, iliyochorwa 1259. Karibu na nyumbani kuna ya shilingi 5 ya Kenya, Uganda na Tanzania, 1971, ya miaka mia tangu Livingstone na Stanley wakutane Ujiji.

Kuhusu bei: seti nyingi za Ulaya ya Mashariki za miaka ya 1970 zilipigwa muhuri kiwandani kwa ajili ya wakusanyaji. Utazitambua: muhuri umekaa kwa adabu kwenye kona moja, na nyuma gundi ipo yote. Hizo ni za kupendezesha albamu, usikubali kuuziwa kwa bei ya adimu.